Fiorentina: klabu iliyolazimika kulinunua jina lake

Tarehe 18 Juni 2002, mjini Daejeon, Korea Kusini, kocha wa Italia Giovanni Trapattoni alimwinua Angelo Di Livio kutoka benchi. Ilikuwa hatua ya 16 bora ya Kombe la Dunia, kipindi cha pili, Italia inaongoza 1-0. Di Livio alikuwa na miaka 35, kiungo wa pembeni, mfupi, mbio haziishi, na Waitaliano walimbandika jina la "Soldatino", yaani kiaskari. Mechi iliisha kwa kilio: Korea walisawazisha dakika za lala salama, wakaongeza bao la dhahabu katika muda wa nyongeza, Italia ikafungasha virago. Msimu mpya ulipoanza, mtu yuleyule alikuwa daraja la nne, akikabana na vijana wa Gubbio na Rimini.

Hakuwa ameporomoka kiwango kiasi hicho. Klabu yake, Fiorentina, ilikuwa imekufa. Katika kikosi kizima cha zamani ni yeye peke yake aliyekubali kubaki, kama neno "kubaki" linafaa kwa mtu ambaye mwajiri wake hayupo tena.

Hapa ndipo ubishi wa vijiweni huanzia. Fiorentina inayocheza leo ni ileile ya Batistuta na Rui Costa, nyota wake wa miaka ya 1990, au ni timu nyingine iliyovaa nguo za marehemu? Ukimuuliza mwanasheria, atakwambia kampuni ya zamani ilifilisika na hii ilianzishwa 2002. Ukimuuliza mzee wa Firenze (Florence), mji wa klabu hii, aliyekaa jukwaa lilelile tangu ujana wake, atakutazama kama uliyemuuliza kama mama yake ni yuleyule. Wote wawili wana hoja, na inafaa tuzifungue moja moja, kwa sababu hadithi ya Fiorentina inaonyesha jinsi klabu za Italia zilivyoundwa kwa ndani.

Klabu inavyokufa

Mwaka 1966 shirikisho la soka la Italia, FIGC, liliamua kwamba klabu za kulipwa ziwe kampuni za hisa. Tangu hapo timu unayoishangilia Jumapili ni vitu viwili vilivyoingia jezi moja. Kuna kampuni, yenye mmiliki, vitabu vya hesabu na madeni, kama ilivyo kampuni ya kuuza saruji. Halafu kuna haki ya kucheza ligi fulani. Haki hiyo kampuni haiimiliki kama mtu anavyomiliki shamba; shirikisho ndilo huitoa, na kila kiangazi huikagua upya. Mishahara imelipwa? Kodi je? Dhamana ya benki iko wapi? Ukikosa majibu unafutwa, hata kama juzi tu ulikuwa unacheza Ulaya.

Kampuni ikifilisika, mahakama huikabidhi kwa mfilisi. Wachezaji huwa huru kwenda watakako. Kinachobaki, yaani jina, nembo na haki za jezi, huwa mali ya kuuzwa ili wadai wapate chochote, sawasawa na friji na rafu za duka lililofungwa.

Fiorentina ilipita njia hiyo yote bila kuruka kituo. Mwaka 1990 klabu ilinunuliwa na Mario Cecchi Gori, mtayarishaji mkubwa wa filamu. Alipofariki 1993 ikamwangukia mwanawe Vittorio, mtu wa filamu, wa televisheni na wa siasa pia, mpenda makubwa. Kwa miaka kadhaa mambo yalinoga. Oktoba 1999 Batistuta alipiga shuti lile la pembeni lililowalaza Arsenal 1-0 Wembley, bao ambalo waliokuwa vijana enzi zile bado wanaligombania kwa mikono hewani. Lakini chini ya kapeti deni lilikuwa linakua. Mwaka 2000 Batistuta akauzwa Roma kwa lira bilioni 70. Mwaka uliofuata Rui Costa akaenda Milan na kipa Toldo akaenda Inter. Katikati ya uuzaji huo, Juni 2001, timu ikabeba Kombe la Italia chini ya kocha kijana Roberto Mancini. Kombe liliingia kabatini wakati mishahara haitoki. Deni lililotajwa lilikuwa kama dola milioni 50.

Msimu wa 2001-02 ukawa wa mazishi ya polepole. Timu ikashuka daraja, na kiangazi cha 2002 ikashindwa kutimiza masharti ya kusajiliwa hata Serie B, daraja la pili. FIGC ikaifuta. Baadaye mahakama ikatangaza ufilisi.

Meya wa jiji, Leonardo Domenici, hakusubiri arobaini. Agosti hiyohiyo kampuni mpya ilisimamishwa, na Diego Della Valle, tajiri wa viatu vya Tod's, akaichukua. FIGC ikaipa nafasi Serie C2, daraja la nne. Kwa vile jina la Fiorentina lilikuwa mikononi mwa wafilisi, timu ikaitwa Florentia Viola: Florentia ni jina la Kilatini la mji, viola ni rangi ya zambarau. Kwa hiyo mwaka ule Firenze ilikuwa na maiti yenye jina na mtoto mchanga asiye na jina lake.

Vitu vilivyofanya iitwe Fiorentina

Kabla ya kuona mtoto alivyolipata jina, tujiulize hilo jina lilibeba nini. Hapa mashabiki huzungumzia "asili" na "mila" kana kwamba klabu ilikuwepo tangu enzi za akina Medici, ukoo uliotawala mji huo zamani. Ukweli unachekesha kidogo.

Mpira wenyewe ni wa kale Firenze. Mji ulikuwa na mchezo wake wa kugombania mpira kwa mikono, miguu, na ngumi pia, na kila Juni mitaa minne ya kale bado humenyana kwenye uwanja wa mbele ya kanisa la Santa Croce: buluu wa Santa Croce, weupe wa Santo Spirito, wekundu wa Santa Maria Novella, kijani wa San Giovanni. Mechi inayosimuliwa zaidi ni ya tarehe 17 Februari 1530. Jeshi la Kaizari Karl V lilikuwa limeuzingira mji, njaa imeingia, na watu wa Firenze wakaamua kucheza mpira waziwazi ili adui aone kwamba hawajali. Mchezo huo unaitwa calcio, na ndilo neno ambalo Waitaliano wote wanalitumia kwa soka la leo, wakati majirani zao wengi walichukua neno la Kiingereza.

Lakini klabu ni kitu kingine kabisa. Genoa ilianzishwa 1893, Juventus 1897, Milan 1899. Fiorentina ni ya Agosti 1926. Tena haikuzaliwa na vijana waliokutana mkahawani. Mwezi huohuo serikali ya kifashisti ilipitisha Mkataba wa Viareggio, uliopanga upya soka la nchi nzima na kuelekea ligi moja ya taifa, na miji ikasukumwa iunganishe vilabu vidogo vidogo ili iwe na timu moja ya nguvu. Napoli iliundwa mwaka huohuo, Roma mwaka uliofuata. Firenze, Markizi Luigi Ridolfi, mtu wa ukoo wa kale na kigogo wa chama cha kifashisti mjini, aliunganisha Club Sportivo Firenze na Palestra Ginnastica Libertas, vilivyokuwa mahasimu. Jina "Fiorentina" ni kivumishi tu. Kiswahili tungesema "ya Firenze", basi.

Rangi nayo si ya mwanzo. Timu ya kwanza ilivaa nyekundu na nyeupe, rangi za mji. Zambarau ikaja 1929. Hadithi inayopendwa ni kwamba jezi zilifuliwa katika mto Arno, rangi zikachujiana, wakatoka na zambarau. Mimi siiamini, na yeyote aliyewahi kusahau soksi nyekundu ndani ya mashuka meupe haiamini pia: unapata waridi, hupati zambarau. Kinachoeleweka zaidi ni kwamba Ridolfi alitaka rangi ambayo hakuna mwingine anayo, na alifanikiwa. Hadi leo ukiona doa la zambarau katikati ya Serie A hujiulizi ni nani.

Ilikuwa ni ujasiri pia. Watu wa jukwaani Italia, waigizaji na waimbaji, huikimbia zambarau kama nuksi. Ni rangi ya Kwaresima, na zamani wakati wa Kwaresima maonyesho yalipigwa marufuku, kwa hiyo msanii aliyeona zambarau aliona njaa. Kuivisha timu inayotafuta pointi rangi hiyo kulihitaji mtu asiyeogopa midomo ya watu.

Kisha kuna ua. Nembo ni yungiyungi jekundu kwenye nyeupe, ingawa wajuzi wa mimea watakwambia ua la Firenze ni airisi. Hili ndilo la kale kweli. Mji ulikuwa nalo kinyume, ua jeupe kwenye nyekundu, mpaka 1251. Chama cha Waguelfi kilipowafukuza wapinzani wao Waghibelini, kikageuza rangi ili waliofukuzwa wasiweze kuinua bendera ya nyumbani na kusema ni ileile. Kwa maneno mengine, ugomvi wa nani ana haki ya alama za mji Firenze wameujua kwa karne nyingi, na kilichotokea 2002 kiliwakuta na uzoefu.

Cha mwisho ni uwanja. Ulijengwa kati ya 1930 na 1932 na Pier Luigi Nervi, mhandisi wa zege ambaye kazi hii ilimfungulia milango ya dunia. Paa la jukwaa kuu linaelea bila nguzo za mbele, mnara umesimama upande wa pili, na ngazi za nje zimejisokota kama ganda la konokono. Wanafunzi wa usanifu huja kuzipiga picha bila kujua hata timu inashika nafasi ya ngapi. Mwanzoni uliitwa kwa jina la mfashisti aliyeuawa 1921, Giovanni Berta. Leo unaitwa Artemio Franchi, kiongozi wa soka kutoka Firenze aliyekuwa rais wa UEFA hadi alipofariki katika ajali ya gari 1983. Mwenye uwanja ni manispaa, klabu ni mpangaji, na kwa kuwa zege la Nervi limelindwa na sheria za turathi, kila mmiliki anayekuja na ndoto ya kubomoa na kujenga upya hugonga ukuta huohuo.

Hesabu sasa. Jina, rangi, uwanja: vyote ndani ya miaka sita, vingi kwa mkono wa mtu mmoja na chini ya utawala ambao leo hakuna anayetaka kuusifia. Ni ua tu lililotangulia. Mila ya Fiorentina ina umri wa babu, haifiki umri wa kanisa kuu. Mimi siioni kama aibu. Ila inasaidia kujua kwamba kitu kilichoundwa na watu kinaweza kuundwa tena na watu.

Jambo moja zaidi ambalo kwa mgeni halionekani: Firenze ina timu moja. Milano ina mbili, Roma mbili, Torino mbili, Genova mbili. Mtoto wa Milano huchagua; mtoto wa Firenze huikuta zambarau nyumbani kama alivyolikuta jina la ukoo. Ndiyo maana kifo cha 2002 kilimgusa meya kabla hakijawagusa wafanyabiashara.

Kumjua adui

Vilabu vyenye jirani wa kumchukia humchukia jirani. Fiorentina haina jirani, kwa hiyo ikamchagua mkubwa wa kaskazini. Oktoba 1928, timu ikiwa na miaka miwili tu, Juventus iliwafunga 11-0. Hadi leo hicho ndicho kipigo kikubwa zaidi katika historia ya klabu.

Mbegu iliyochipua hasa ni ya 1982. Zikiwa zimebaki dakika 90 za msimu, Fiorentina na Juventus zilikuwa na pointi 44 kila moja. Tarehe 16 Mei Juventus walikuwa Catanzaro, Fiorentina Cagliari. Cagliari, Francesco Graziani alitia mpira wavuni, mwamuzi akakataa. Catanzaro, wenyeji walidai penalti, wakanyimwa. Baadaye Juventus wakapewa yao, Liam Brady akafunga. Juventus 46, Fiorentina 45, maana enzi hizo ushindi ulikuwa pointi mbili. Nahodha wa Fiorentina alikuwa Giancarlo Antognoni, ambaye Novemba iliyotangulia aligongwa kichwani na goti la kipa wa Genoa mpaka moyo ukasimama uwanjani, akarudi kucheza msimu huohuo. Aliichezea Fiorentina miaka 15 na hakuwahi kuwa bingwa wa Italia. Kutoka siku ile ukazaliwa msemo unaoandikwa kwenye mabango mpaka kesho: afadhali wa pili kuliko mwizi.

Sijui kama Juventus waliiba. Najua tu kwamba msemo huo ulifanya kazi ambayo ubingwa usingeifanya. Fiorentina ina ubingwa wa Italia mara mbili pekee. Wa 1956 ulikuwa wa kutisha: kikosi cha kocha Fulvio Bernardini, na Mbrazili Julinho upande wa kulia, kilicheza mechi 33 bila kupoteza na kikafungwa ile ya 34 tu, kwa Genoa, ubingwa ukiwa umeshapatikana zamani. Wa pili ni wa 1969. Mwaka 1957 ikawa timu ya kwanza ya Italia kufika fainali ya Kombe la Mabingwa Ulaya, ikafungwa 2-0 na Real Madrid nyumbani kwa Real wenyewe. Mwaka 1961 ikachukua Kombe la Washindi katika toleo lake la kwanza, ikiwalaza Rangers nyumbani na ugenini. Hayo ni mafanikio ya heshima. Lakini ukikaa na shabiki lialia wa zambarau hatakusimulia 1956. Atakusimulia 1982.

Na 1990. Mwaka huo Fiorentina na Juventus zilikutana fainali ya Kombe la UEFA. Juventus 3-1 Torino. Marudiano Fiorentina haikuruhusiwa kuchezea kwao, ikapelekwa Avellino, kusini, ambako mashabiki wa Juventus ni tele. 0-0. Siku mbili baadaye, tarehe 18 Mei, klabu ikatangaza kwamba Roberto Baggio, kijana aliyepona goti mikononi mwao na kuwa mpenzi wa mji mzima, ameuzwa kwa Juventus kwa dau lililovunja rekodi ya dunia.

Mji ukawaka. Watu walimiminika kwenye makao ya klabu, Piazza Savonarola, mawe yakaruka, mabomu ya machozi yakajibu, kiasi cha watu 50 wakajeruhiwa. Wengine walikwenda Coverciano, kituo cha taifa cha soka kilichoko Firenze na chenye jina la Ridolfi yuleyule, ambako timu ya taifa ilikuwa inajiandaa na Kombe la Dunia la nyumbani, wakawatukana wachezaji wa nchi yao wenyewe.

Tarehe 6 Aprili 1991 Baggio akarudi Firenze na jezi ya Juventus. Fiorentina wakatangulia kwa frikiki ya Diego Fuser. Juventus wakapata penalti. Mpigaji alikuwa Baggio, akakataa. Alisema kipa Gianmatteo Mareggini anamjua sana. De Agostini akapiga badala yake, Mareggini akaidaka. Kocha akamtoa Baggio. Akiwa anatembea kuelekea nje, skafu ya zambarau ikarushwa kutoka jukwaani ikaanguka karibu na miguu yake. Akainama, akaiokota, akaingia nayo.

Sasa tazama nani alibaki 2002. Di Livio, kiaskari, alikuwa amefika Firenze 1999 akitokea Juventus, alikocheza miaka sita na kuchukua ubingwa wa Ulaya.

Batigol na swali la kubaki

Gabriel Batistuta, ndiye huyo Batigol, alikuja 1991 kutoka Boca Juniors. Mwaka 1993 timu ikashuka daraja. Mshambuliaji wa timu ya taifa ya Argentina angeweza kwenda popote; akabaki, akafunga mabao 16 Serie B, akapanda nayo, na msimu uliofuata akawa mfungaji bora wa Serie A kwa mabao 26, akifunga katika kila moja ya mechi 11 za mwanzo. Mashabiki wa jukwaa la Curva Fiesole wakamchongea sanamu akiwa bado anacheza, jambo ambalo kwa kawaida hufanyiwa marehemu. Aliondoka na mabao 152 ya Serie A akiwa na zambarau.

Alipouzwa Roma hakuna aliyemrushia jiwe, tofauti na Baggio, maana kila mtu alijua klabu inahitaji hela na yeye umri unakimbia. Novemba 26, 2000, Fiorentina ilikwenda Roma. Mechi ikabana, 0-0, mpaka dakika za mwisho. Mpira ukamdondokea Batistuta mbali na lango, akaupiga hewani kwa nguvu ile yake, ukaingia. Wenzake wa Roma walimrukia kwa furaha. Yeye alikuwa analia. Msimu huo Roma ikawa bingwa, na ndiyo medali ya ligi ya Italia pekee aliyonayo.

Kuinunua nafsi

Turudi Serie C2. Florentia Viola walijaza Franchi, uwanja wa Nervi, kwa mechi za daraja la nne. Maelfu walikata tiketi za msimu mzima kwenda kuangalia timu ambazo hata jina la mji wake ulilazimika kulitafuta kwenye ramani. Mfungaji wao alikuwa Christian Riganò, mtu wa kisiwa cha Lipari aliyekuwa fundi mwashi kabla mpira haujamlipa, jitu la miraba minne. Alitia mabao 30 msimu ule. Batistuta alikuwa na nywele za malaika; Riganò alikuwa na mabega ya kubeba zege, na Firenze walimpenda kwa hayo.

Timu ikashika nafasi ya kwanza katika kundi lake. Mwaka 2003 kampuni ya Della Valle ikaenda kwa wafilisi na kununua jina la Fiorentina pamoja na haki za jezi, kwa euro milioni 2.5. Kampuni ikabadilisha usajili, ikawa ACF Fiorentina. Fikiria hiyo bei. Kiungo wa Argentina, Juan Verón, alikuwa ameuzwa mara mbili kwa zaidi ya mara kumi ya hiyo. Jina, rangi na kumbukumbu zote za mji, kwa bei ya beki wa akiba.

Kilichofuata bado kinawakera wengine, na nadhani wana haki ya kukereka. Kiangazi cha 2003 kesi ya klabu ya Catania ilivuruga Serie B mahakamani mpaka FIGC ikaamua ligi iwe na timu 24. Nafasi moja ilipewa Fiorentina, kwa kigezo cha hadhi yake katika soka. Kwa hiyo ilitoka daraja la nne ikaingia la pili bila kugusa la tatu. Tafakari maana yake: shirikisho lililosema 2002 kwamba hii ni kampuni mpya ya kuanzia chini, mwaka mmoja baadaye liliipandisha kwa sababu ya historia ambayo, kwa karatasi, haikuwa yake. Klabu ndogo zilizokuwa zinasubiri zamu kwa haki zilipiga kelele. Hazikusikilizwa. Jibu la FIGC kwa lile swali letu la mwanzo limo humo, kwa vitendo: ni ileile.

Juni 2004 Fiorentina ilicheza na Perugia kuwania nafasi ya Serie A. 1-0 ugenini, 1-1 nyumbani, mabao yote mawili ya Enrico Fantini. Di Livio alikuwepo. Akacheza msimu mmoja zaidi huko juu, 2005 akatundika daruga.

Njia hii ilifuatwa na wengine. Napoli ilifilisika 2004, ikanunuliwa na Aurelio De Laurentiis, ikaanzia daraja la tatu kwa jina la Napoli Soccer na kurudishiwa lake la zamani 2006. Parma ilizimika 2015, ikaanzia Serie D na kupanda mara tatu mfululizo. Chievo ilifutwa 2021, na ikabidi nahodha wake wa zamani, Sergio Pellissier, aanzishe timu ndogo pembeni na kusubiri mpaka 2024 kabla ya kulipata jina kwenye mnada. Kila mara ni utaratibu uleule: kampuni mpya, jina kununuliwa, na vikombe vya zamani kuhesabiwa kwa wapya bila mtu kuuliza sana.

Mashabiki wa zambarau wangependa hadithi iishie hapo, maskini mwaminifu amerudi. Haikuishia. Mwaka 2006 ikalipuka kashfa ya Calciopoli, ya viongozi wa vilabu na waliopanga waamuzi. Juventus ikashushwa Serie B. Fiorentina nayo ikakutwa kwenye faili: awali ikashushwa, baada ya rufaa ikabaki Serie A ikaanza msimu na pointi 15 chini ya sifuri, na nafasi yake ya Ligi ya Mabingwa ikapotea. Mabango ya "afadhali wa pili kuliko mwizi" hayakushushwa, ila nakisia kwamba walioyashika waliyashika kwa aibu kidogo mwaka ule.

Baada ya hapo kuna mambo ya kawaida ya klabu ya kati: msimu mzuri Ulaya 2009-10, walipoifunga Liverpool nyumbani na ugenini wakaja kutolewa na Bayern kwa bao la ugenini, mmiliki mpya 2019, Rocco Commisso, Mmarekani mzaliwa wa Calabria, aliyejenga kituo kikubwa cha mazoezi Bagno a Ripoli nje kidogo ya mji, na fainali mbili za Conference League zilizopotea mfululizo, dhidi ya West Ham 2023 na Olympiacos 2024.

Tarehe 4 Machi 2018 nahodha Davide Astori alikutwa amefariki chumbani hotelini, Udine, asubuhi ya mechi. Alikuwa na miaka 31. Jezi namba 13 ikastaafishwa. Mazishi yalifanyika tarehe 8 Santa Croce, kanisa ambalo mbele yake ule mpira wa 1530 ulichezwa. Uwanja wa kanisa ulijaa skafu za zambarau. Usiku uliotangulia Juventus walikuwa London wakicheza na Tottenham, na asubuhi ile ujumbe wao ukafika, Buffon na Chiellini wakiwemo. Walipopita katikati ya umati wa Firenze, watu wakawapigia makofi.